Marhun bin Mazin: Matangi Manne na Taa Moja

Bi Shamsiya, mjane wa marehemu, ameagiza wasifu huu usomwe bila kupambwa. Anasema mumewe alimchosha, na waliokuja kumzika wana haki ya kujua alimchoshaje.

Marehemu Marhun Mazin alizaliwa Mwera, wilayani Pangani, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Mazin Salim na Bi Rahaf. Alimaliza shule ya msingi hapohapo Mwera mwaka 1975. Mwaka huo aliifungua redio ya baba yake aone kilichomo, na kuifunga kukamchukua miezi miwili. Ufundi alijifunza kwa ami yake mjini Tanga, na mwaka 1984 akafungua kibanda chake Chumbageni.

Alimuoa Bi Shamsiya Amour tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa Ammar na Huwaida. Nyumba yao haikukosa wageni mpaka mwaka 2019, masikio ya Bi Shamsiya yalipoanza kufifia. Mgeni alipiga hodi mara tatu kama ilivyo desturi yetu, akaona kimya, akarudi zake. Mwenyewe yuko jikoni, hana habari. Mtaani ikavuma kwamba anaringa, na hilo lilimuuma kuliko uziwi wenyewe.

"Tuache mlango wazi basi, baba Ammar."

"Nitakutengenezea taa. Mtu akipiga hodi, iwake juu ya jiko. Nipe wiki mbili tu."

Wiki mbili hizo zilikuwa miaka mitano. Saketi ya kununua hakuitaka. Alitaka achore mwenyewe njia za umeme kwenye kibao chenye ngozi ya shaba, kisha akitumbukize katika dawa inayokula shaba isiyofunikwa na mchoro. Dawa ikataka tangi. Tangi la kwanza lilikuwa sufuria kubwa la shughuli la kina mama wa mtaa, lililowekwa kwa Bi Shamsiya kama amana. Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini na mitano alisahau kwamba dawa inayokula shaba haiisazi alumini! Sufuria likatoboka kitako, na Bi Mwatima, mwenyekiti wa kikundi, akasusa kuja nyumbani. La pili lilikuwa ndoo ya maji ya kunywa. La tatu lilikuwa vioo vya kabati la vyombo, vikavujia mkeka mpya. La nne, la vioo vilevile, lilisimama wima kwenye meza ya jikoni, pampu ya hewa ya kufugia samaki ikilipulizia mapovu. Kila Idd aliahidi kuliondoa.

"Lini?"

"Bado kidogo, mama Ammar."

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2024. Daktari alimkataza ngazi. Januari akapanda ngazi kufunga taa, kisha akasema bado haijawa tayari. Alifariki nyumbani alfajiri ya jana, Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025.

Kulipokucha, Bi Shamsiya alikuwa jikoni peke yake, analia, mara taa ikawaka juu ya jiko. Akaenda kufungua. Alikuwa Bi Mwatima, na sufuria jipya kichwani. Tangu hapo taa haijapumzika kwa hodi za waombolezaji, na hakuna ajuaye marehemu alificha wapi swichi ya kuizimia. Bi Shamsiya amekataza isitafutwe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Bi Thuwaiba, na tangi moja ambalo bado liko mezani.

Mola amlaze pema, na huko aendako, apigapo hodi, afunguliwe mara ya kwanza.