Mfereji wa Nne: Risala ya Wanafunzi wa Meno kwa Profesa Dobrudzhaliev

Mgeni rasmi, Profesa Haralampi Dobrudzhaliev, Mwenyekiti wa Baraza la Mitihani, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, shangazi Radka, mtunza stoo ya meno, mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi arobaini na mmoja wa mwaka wa pili, Chuo cha Meno cha Mtakatifu Pantaleimon, hapa Yambol, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumekusoma mwaka mzima. Leo tumefurahi kuona kwamba una miguu pia. Banitsa iliyo mbele yako, mkate wetu wa jibini, ameioka shangazi Radka. Ni laini, haidai magego.

HISTORIA YETU

Tulipofika tuliambiwa kitabu cha maumbile ya meno ni kimoja tu, chako. Tukakuta ni viwili. Toleo la pili, lenye jalada jekundu, tulilirithi kwa waliotutangulia, pamoja na madoa yao ya kahawa. Toleo la tatu, la bluu, liko maktaba. Jekundu linasema gego la kwanza la juu lina mifereji mitatu ndani ya mizizi yake. La bluu linasema mara nyingi ni minne. Yote mawili yana picha yako nyuma, na kote unatabasamu kwa uhakika uleule.

Juni tukaingia mtihani wa mdomo. Mwenzetu Spas Karaivanov, mtoto wa wachuma waridi, aliulizwa gego hilo lina mifereji mingapi.

"Mara nyingi minne, mwalimu."

"Nani kakwambia?"

"Profesa Dobrudzhaliev."

"Mimi ninaye hapa mezani, anasema mitatu."

"Huyo wako mwekundu, mwalimu. Wangu wa bluu."

Spas alianguka, na wenzake kumi na wawili waliojibu kama yeye wakamfuata. Kesho yake mimi ninayesoma risala hii, Kalina Mutafova, nilimkuta ngazini bwenini na sanduku.

"Wapi hiyo, kaka?"

"Nyumbani, kwenye waridi. Mwiba ukikuchoma unajua umechomwa, huendi kuuliza kitabu."

"Utakwenda. Kwanza tumuage shangazi Radka."

Shangazi alitusikiliza huku anafuta rafu. Kisha akashusha ndoo ya meno yaliyong'olewa kwa miaka arobaini, akaiweka mbele ya Spas.

"Mnabishana kama wakwe," akasema. "Wenyewe hawa hapa. Waulizeni."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, Spas hakupanda treni. Likizo yote tulikaa stoo, tukachambua, tukakata na kutazama kwa kioo cha kukuzia magego sitini ya kwanza ya juu. Thelathini na saba yalikuwa na mifereji minne. Huo wa nne ni mwembamba kama unywele na hujificha ndani ya mzizi wa mbele, upande wa shavu. Usipoutafuta haujitokezi kukusalimu. Tumejifunza pia jambo ambalo si la mzaha: mfereji usiohesabiwa hausafishwi, na mgonjwa hurudi kwako ameshika shavu, akidhani kosa ni lake.

CHANGAMOTO

Mtihani wa marudio ni Jumatatu, na tunasikia maswali yanatoka tena kwenye kitabu chekundu. Atakayeanguka mara ya pili anaondoka chuoni. Juzi Spas alituuliza, "Niseme nilichokisoma au nilichokiona?"

Stoo nayo, tumeambiwa, itafungwa shangazi akistaafu Oktoba, ipatikane nafasi ya viti.

MAOMBI

Tunaomba kila swali litaje toleo lake, au, kwa hisani yako, matoleo yako mawili yapatanishwe. Tunaomba ndoo ibaki, na ufunguo wa stoo upate mtu. Tunaomba wale kumi na watatu wasikilizwe upya. Hatuombi wapewe alama za bure; tunaomba waulizwe kitu ambacho jibu lake ni moja.

La mwisho si ombi, ni radhi. Chini kabisa ya ndoo tulikuta gego la kwanza la juu ndani ya kifuko cha karatasi. Tulikwisha kulikata tulipogeuza kifuko na kusoma maandishi: H. Dobrudzhaliev, msaidizi, 1983. Shangazi Radka akajishika kiuno. "Huyo kijana alilia," akasema, "lakini msimwambie." Utusamehe, shangazi.

Spas ndiye aliyeinama kwenye kioo. Alihesabu mara tatu, akatupisha nasi tukahesabu. Ni minne. Hakushangilia. Alisema tu, "Masikini, alitembea na minne, akaandika mitatu."

Mgeni rasmi, gego lako limo kwenye kisanduku hiki, pamoja na kioo. Hatutakusomea majibu. Tunakuomba uhesabu mwenyewe, kabla ya Jumatatu.

Mungu akuzidishie afya na miaka, na magego uliyobakiwa nayo yakutumikie kwa amani.

Ni sisi wanafunzi wako, wekundu kwa bluu,
Mwaka wa Pili, Chuo cha Meno cha Mtakatifu Pantaleimon, Yambol.