Sukari Waliyomletea Mama

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Na asifiwe leo hata na kinywa changu, ambacho wengi wenu mmekizoea kwa ubishi.

Mnanijua. Mimi ni Wandera, mtoto wa Mama Nafula wa hapa Bukhayo, yule aliyekwenda chuo kikuu Kampala akarudi na maswali mengi kuliko vitabu. Tangu nikiwa mdogo niliuliza kwa nini mvua tuliyoiomba kanisani hunyesha pia shambani kwa jirani asiyeomba. Mwalimu wa Jumapili aliniambia nikae chini. Nilikaa, lakini swali lilibaki limesimama. Chuoni nikaacha kuomba kabisa. Sikumkana Mungu, nilisema tu aje na ushahidi. Wazee walisema elimu imeniharibu, nami, kwa mara ya kwanza, sikuwabishia.

Sikuja kuwaambia kwamba nimeacha kuuliza. Nimekuja kuwaambia Mungu ametutoa wapi, mimi na mama yangu.

Ilikuwa likizo ndefu, miaka michache baada ya Uhuru. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama si yule niliyemwacha. Mwanamke aliyekuwa akibeba mkungu wa ndizi kichwani hadi soko la Busia, huku akigombana na watu njia nzima, sasa alikuwa amekonda hadi leso inamzunguka mara mbili. Alikunywa maji kama anazima moto. Alikuwa akiumaliza mtungi, anaomba mwingine, na bado kiu haikatiki. Uzi ulimshinda kuingiza kwenye sindano. Na kidole cha mguu alichojikata kwa jembe wakati wa kupanda mahindi kilikuwa bado kinatoa maji, na mahindi yenyewe tulikuwa tumeshayavuna.

Ndugu zangu, sisi watu wa huku tunajua kumpenda mgonjwa. Hatuendi kumwona mikono mitupu. Tunapitia dukani, tunafungiwa sukari kwenye karatasi, na tukifika tunampikia chai sisi wenyewe, tamu hadi midomo inashikana. Mgonjwa akimaliza kikombe tunasema ana nguvu. Akishindwa tunasema haikukolea, tunaongeza. Basi kadiri mama alivyodhoofika, ndivyo sukari ilivyozidi kuingia nyumbani kwetu.

Mzee Hamisi, mwenye duka pale Busia mjini, ni rafiki ya mama wa siku nyingi. Nilipopita kumsalimu alinitania. "Kijana, gunia zima limekwenda kwenu. Mama yako anakula sukari au anailalia?"

Nilicheka. Lakini nikiwa njiani kurudi, kile kicheko kiliniganda mdomoni.

Sasa akina mama mnisamehe, maana ushuhuda hauchagui mahali pa kupita. Nyuma ya nyumba, pale mama alipokuwa akienda haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejaa. Majirani walikwisha kuamua kwamba kuna mtu amezika kitu pale, na mganga mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa tayari kuja kukichimbua. Mimi nikauliza, kwa nini pale tu? Nikaenda nikakojoa hatua chache kando, nikangoja. Sisimizi walipita kwangu kama wageni wanaopita nyumba isiyo na moshi, wakarudi kwa mama. Ndipo nikaogopa. Uchawi sikuuamini, lakini sisimizi niliwaamini. Sisimizi hawafuati kitu kisicho kitamu.

Asubuhi nilimkalisha mama nyuma ya baiskeli, kama wanavyobebwa abiria wa mpakani, tukaenda hospitali. Daktari alitia mkojo wake kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya moto mdogo. Rangi ikageuka kijani, ikawa manjano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali. Rangi ile niliijua! Shuleni tulifanya vivyo hivyo kutafuta sukari. Hata hivyo nikamwomba daktari arudie kwa mkojo wangu, naye bila kukasirika akarudia. Wangu ulibaki buluu.

Alitueleza kwamba mwili wa mama umeshindwa kuitumia sukari, kwa hiyo inajaa kwenye damu, inaharibu macho na figo, inaua hisia za miguu, na kidonda kinakosa nguvu ya kufunga. Nikamuuliza kama ni sukari iliyoleta ugonjwa. Hakukimbilia kujibu.

"Sukari peke yake sitaishtaki," alisema. "Kuna ukoo, kuna unene wa zamani, na kuna mambo ambayo hata sisi hatuyajui. Lakini nyumba yenu inaungua, na ninyi mnaimwagia mafuta ya taa."

Alimpa dawa ya sindano ya kila siku, akamkataza sukari. Akasema turudi baada ya mwezi. Kidonda kikiwa kimepanda, angeukata mguu chini ya goti.

Jioni ile nilikaa kando ya mtungi nikaomba. Niliomba kama mtu anayebisha hodi asijue kama nyumba ina watu. Nilisema, kama upo, mwachie mama mguu wake. Sikusikia sauti yoyote. Nilibaki na kazi tu: kuchemsha bomba la sindano kwenye sufuria na kuifukia chupa ya dawa kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi, ipate baridi.

Sindano haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa Alhamisi, siku akina mama wa kanisa walipokuja kumwona mgonjwa.

Walikuja wakiongozwa na Mama Rebeka, kila mmoja na karatasi yake ya sukari. Waliimba, wakaomba, wakapika chai. Mimi nilikuwa nimeshawaeleza mlangoni maneno ya daktari, wakanisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu anayesoma gazeti la jana. Mama Rebeka alimpa mama kikombe kwa mikono miwili. Wote wakamtazama. Mnajua maana yake. Kukikataa kikombe kile ni kumtemea mwenzako upendo wake, na kesho yake kijiji kizima kitasema Nafula amefunzwa kiburi na mtoto wa chuo. Kikombe kilikuwa mikononi mwake, si mwangu.

Mama alikishika kwa muda. Kisha akakiweka chini.

"Rebeka," alisema, "mkinipenda nileteeni kunde. Nileteeni samaki. Mimi nataka kuzikwa na miguu yangu yote miwili, na si mwaka huu."

Mama Rebeka alinitupia jicho. "Haya ni ya mtoto wako, Nafula."

"Mtoto ameuliza tu. Anayejibu ni mimi."

Mama Rebeka akakichukua kile kikombe, akakinywa chote yeye mwenyewe, akasema chai haimwagwi. Waliondoka bila kuimba.

Nilidhani tumewapoteza. Lakini wiki iliyofuata kunde zilianza kuja, kidogo kidogo. Na Mzee Hamisi, niliyekuwa nimemweleza maneno ya daktari, mtu akifika dukani akitaka sukari ya kumpelekea Nafula, alimfungia sabuni. Mwenye duka anayekataa kuuza! Ndugu zangu, mimi niliyedai ushahidi niliuona ushahidi ukipita mlangoni kwetu umebeba kunde na sabuni.

Tuliporudi hospitali, daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akakata kidole kimoja. Mguu akauacha.

Wako wanaotaka niseme ugonjwa umetoweka. Sitasema. Sindano ni ya kila siku hadi leo. Lakini kiu imekatika, uzi unaingia kwenye sindano, na sisimizi wamehama. Nilimwomba Mungu mguu, akanipa mguu. Alipitia kwa daktari, kwa dawa, kwa mwenye duka asiyesali pamoja nasi, na kwa mwanamke mmoja aliyeweka kikombe chini. Mkitaka mseme ni bahati. Mimi nimeipima bahati, haitoshi kueleza haya yote.

Jambo moja zaidi, na nimepewa ruhusa ya kulisema. Asubuhi moja Mama Rebeka alinifuata kisimani. Alizungumza habari za mvua, na bei ya wimbi, na mvua tena. Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wale sisimizi ulisema walikuwa wa namna gani?" Siku hiyo baiskeli ilirudi hospitali, na leo wanawake wawili wanafukia chupa zao za dawa kwenye mchanga wa mtungi mmoja.

Basi wewe mwenye kiu isiyokatika, wewe mwenye kidonda kisichofunga, usione aibu, wala usimtafute mchawi. Mpelekee Mungu swali lako, kisha uende hospitali ukalipokee jibu. Mimi nilibisha hodi nisijue kama kuna mtu ndani. Yumo.

Mama yangu ameketi pale mstari wa pili, na amevaa viatu vyote viwili. Tukitoka hapa anawakaribisha nyote nyumbani kwa chai. Sukari haipo. Njooni hivyo hivyo.