Mwalimu Felisita Barutwanayo, Aliyefundisha Jinsi Sabuni Inavyolegeza Maji

Marehemu Mwalimu Felisita Barutwanayo alizaliwa hapa Nyantakara, wilayani Biharamulo, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa mihogo na ndizi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akasomea ualimu Bukoba. Kuanzia mwaka 1970 alifundisha sayansi Biharamulo. Shule haikuwa na maabara, hivyo alibeba vyombo vyake vya jikoni hadi darasani.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Bwana Theonest, fundi seremala. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1994 aliazimwa kufundisha watoto wa wakimbizi kambini Ngara. Kuhara damu kulikuwa kumeshika kasi, lakini akina mama wengi walibadilisha sabuni ya mgao kwa ndizi. Mmoja wao, Nimpaye, alikuwa amemzika mtoto wiki mbili kabla.

"Mwalimu, maji ni maji," alimwambia. "Sabuni ni harufu tu. Wanangu watatu waliobaki wanataka kula."

Marehemu hakubishana naye. Aliweka maji kwenye bakuli, akalaza sindano juu yake taratibu. Ikaelea. Akagusa maji kwa kipande cha sabuni, sindano ikazama.

"Umeisukuma!"

"Basi fanya mwenyewe, mama."

Nimpaye alijaribu, lakini sindano yake ilizama papo hapo.

"Sabuni bado imo," Marehemu alisema. "Suuza bakuli, weka maji mengine."

Safari hii ikaelea, hadi Nimpaye alipoyagusa maji kwa sabuni, kwa mkono wake mwenyewe. Marehemu akamweleza kwamba maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na juu yake huvutika kama ngozi ya ngoma. Sabuni hulegeza mshiko huo, maji yakaingia kwenye mikunjo ya vidole, na mafuta yakatoka pamoja na uchafu.

Nimpaye hakutoa tena sabuni yake. Watoto wake watatu walinusurika mwaka ule, naye akawa anaonyesha sindano kwa wenzake kwenye foleni ya maji. Watu walipompongeza Marehemu, alijibu, "Nilichelewa wiki mbili." Aliendelea kulisema hilo kwa miaka.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 1999. Tarehe 2 Agosti 2005 alipata kiharusi, akalazwa hospitali Biharamulo. Alifariki dunia tarehe 11 Agosti, saa tisa alasiri, mumewe akiwa kando yake. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia.

Ameacha mume, Bwana Theonest, mdogo wake Josefina, na watoto watatu: Suzan, Alfonce na Aline. Aline alitoka kambini kuja kuishi nao mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na moja, baada ya kutafutiwa ndugu na kukosa. Marehemu hakuwahi kumwita mtoto wa kulea. Aline ndiye anayewasomea wasifu huu.

Mungu ampokee mama yetu, ampe pumziko jema.