Mama Ratiba na Usingizi Aliompa Dereva kwa Kalamu

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mkunga. Tangu utotoni alipenda mambo yaende kwa mpango. Akiwa na miaka minane alibandika karatasi mlangoni mwa bafu ikionyesha nani ataoga kwanza na nani atafuata, na baba yake mzazi akajikuta amewekwa wa mwisho. Alipolalamika, binti akamwambia, "Baba, wewe unaimba ukioga. Unatuchelewesha."

Alianza darasa la kwanza Januari 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1978. Baadaye alisomea ukarani kwa miaka miwili, akafaulu vizuri, hasa katika kutunza kumbukumbu.

Tarehe 1 Julai 1983 aliajiriwa na kampuni ya malori kama karani wa mizigo. Mwaka 1996 akawa mpangaji wa safari, na hapo ndipo madereva walipompa jina la Mama Ratiba. Kwa miaka ishirini alilistahili jina hilo. Dereva akiingia ofisini na macho mekundu, marehemu alimpokonya ufunguo, akautia kwenye droo na kuifunga. "Kalale kwanza, mwanangu. Huo mzigo hauna miguu, utaukuta." Walimnung'unikia, wakaenda kulala.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na fundi bomba aliyekuja ofisini kutengeneza koki na kurudi mara tatu kutengeneza koki ile ile. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa dakika kumi na mbili. Bibi harusi alimpokea kwa kumwambia, "Ungeniarifu, ningemalizia kushona pindo." Walijaliwa watoto watatu.

Aya zinazofuata kuna ndugu walioomba zisisomwe. Mume wake alisema, "Aliziagiza mwenyewe. Zisomwe."

Mwaka 2016 mwenye kampuni alimwachia mwanawe uongozi. Bosi mpya alitaka safari mbili za wiki ziwe tatu, magari yakiwa yale yale na madereva wale wale. Marehemu alimuuliza watu watalala saa ngapi. Bosi akamjibu, "Kulala ni juu yao. Juu yangu ni mzigo ufike." Marehemu alirudi mezani kwake akapanga safari tatu. Alikuwa na watoto wawili chuoni. Alitaka hilo litajwe, lakini lisiitwe utetezi. Tangu siku hiyo droo ilikaa wazi, na funguo akawa anazigawa bosi.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa tisa na robo alasiri, dereva mmoja alimpigia simu kutoka njiani. Alikuwa mtu mpole, aliyeitwa Kimya na wenzake, na alikuwa hajagusa kitanda tangu Jumapili. Alisema, "Mama, macho yamekataa. Naomba niegeshe nilale hata kwa muda wa saa mbili." Marehemu alitazama ratiba. Gari lile lilikuwa na safari nyingine jioni hiyo. Akamwambia, "Nawa uso, mwanangu. Umebakiza kidogo." Kimya hakubishana. Alisema, "Haya, mama."

Dakika arobaini baadaye lori liliacha barabara na kumgonga fundi baiskeli aliyekuwa kibandani kwake akijaza tairi upepo. Wote wawili walifariki papo hapo.

Siku ya pili bosi alimwita marehemu na kumwambia polisi wanataka maelezo. Hakumtisha wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Daftari la mapumziko unalo wewe." Marehemu aliandika daftarini kwamba dereva alilala kwa muda wa saa nane kabla ya safari, kisha akaja nyumbani na barua ya maelezo hayo kwa polisi ili ichapwe vizuri. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, aliichapa kwenye meza ya chakula. Alijua mama yake hakulala siku hiyo wala hakula. Alirekebisha herufi mbili zilizokosewa, wala hakuuliza kitu.

Kwa barua hiyo Kimya akawa dereva mzembe. Mjane wake alinyimwa mafao.

Marehemu aliendelea na kazi hadi alipostaafu, tarehe 31 Desemba 2022. Kiinua mgongo chake kilipokwisha kuingia benki, ndipo alipoanza kusema. Alisisitiza mpangilio huo usigeuzwe ili aonekane jasiri.

Machi 2023 alimwomba binti yake amsindikize kwa mjane wa Kimya, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya duka la cherehani. Marehemu hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Nimekuja kukwambia mumeo hakuwa mzembe," alisema. "Aliniomba alale, nikamkatalia. Kisha nikaandika kwamba alilala."

Mjane alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja. "Kwamba hakuwa mzembe nilijua. Nilikuwa nangoja mtu wa ofisini aseme." Akachukua shati lingine, akaongeza, "Mwanangu shuleni wanamwita mtoto wa muuaji. Miaka minne, mama. Ulikuwa wapi?"

"Ofisini."

"Mimi siwezi kukusamehe leo."

"Sikuja kuomba hilo," marehemu alisema. "Nimekuja kukuuliza kama utakubali nikatoe ushahidi."

Alienda pia kwa familia ya fundi baiskeli. Hawakumfungulia mlango, na hakuwalaumu.

Wakati huo figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Mjane alikubali akadai mafao mbele ya baraza la kazi, na marehemu alitoa ushahidi huko mara tatu, mara ya mwisho akitokea kusafishwa damu hospitalini, akiwa na bandeji mkononi. Bosi alieleza kwamba hakuwahi kumkataza mtu kulala. Wakili wa kampuni akamuuliza marehemu kama hilo ni kweli. Akajibu, "Ni kweli. Alipanga wasiweze, na mimi nikamwandikia." Oktoba 2024 baraza lilitamka kwamba kampuni ndiyo iliyomchosha dereva na ndiyo itakayobeba jukumu. Jina la Kimya likasafishwa. Marehemu alipopelekewa habari hiyo kitandani, aligeukia ukutani akalia. Hakutaka kupongezwa na mtu.

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Kwa agizo lake, watajwe pia mjane na watoto wawili wa dereva, na mama mzazi wa fundi baiskeli, ambao wamebaki bila watu wao kwa sababu yake na ya kampuni aliyoitumikia.

Mjane yupo hapa, safu ya nyuma. Asubuhi alimwambia binti wa marehemu, "Bado sijaweza. Lakini soma yote, usiruke hata mstari."

Imesomwa yote. Tunamwombea mama yetu pumziko, tukijua kwamba alimnyima mwenzake.