Tangazo la Homa ya Matumbo: Risala ya Wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Simotwet, Rongai, 1958

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa Wilaya, Bwana Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazee wa kanisa, wageni wote,

KARIBU

Ulipofika hapa mara ya kwanza ulipitiliza hadi bweni la wagonjwa, wala hatukupata nafasi ya kukukaribisha. Leo tunafurahi kukuona umeketi. Karibu sana.

CHUO CHETU

Chuo hiki kilianzishwa na misheni baada ya vita, kifundishe walimu wa kiume na wa kike. Maji ya kunywa yalitoka kisima cha shamba la jirani. Aliyeyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe ni Bwana Thuo, tangu chuo kilipofunguliwa. Kijito kilicho nyuma ya mabweni kilikuwa cha kufulia nguo.

YALIYOTUPATA

Wakati wa mvua ndefu homa ya matumbo iliingia Rongai. Tulipata tangazo la Kiingereza, likabandikwa kwenye mlango wa bwalo. Lilisema kwamba ugonjwa huu huenezwa pia na "carriers", yaani wachukuzi. Mwandishi alimaanisha mtu mwenye vijidudu tumboni ingawa mwenyewe haumwi. Sisi tulielewa wachukuzi wa mizigo, kama wale wa Vita Kuu ya Kwanza. Na hapa chuoni mchukuzi alikuwa mmoja tu.

Tukakataa maji ya Bwana Thuo. Alisimama langoni, mapipa yamejaa, akauliza amekosa nini. Tukamfungia lango. Mkuu wa Chuo alijaribu kutusihi, lakini bwalo lote lilipogoma akamwachisha kazi. Tukaanza kunywa maji ya kijito, tukidhani tumejikinga.

Bweni likajaa wagonjwa. Dalmas Ouko, aliyetuongoza kuimba kila Jumapili, alifariki. Babake alikuja kumchukua kwa gari la moshi, akatuuliza kama mwanawe aliteseka. Tulimwambia ukweli.

Ndipo ulipokuja wewe, Mgeni Rasmi. Mwenzetu Nabalayo alisimama mbele yako akasema: "Bwana Daktari, mchukuzi tumeshamfukuza. Mbona tunazidi kuugua?"

Ukamuuliza: "Mchukuzi gani?"

Alipokueleza, ulivua miwani. Kisha ukatufafanulia yote kwa Kiswahili, hata wapishi wakaelewa. Ulimtafuta Bwana Thuo ukampima, akaonekana hana ugonjwa wowote. Maji ya kijito ndiyo yaliyokuwa machafu.

TULIYOYAFANYA

Tangu siku hiyo maji yote yanachemshwa, na hakuna aliyeugua tena. Kila tangazo likifika tunalisoma pamoja, na neno tusilolijua hatulikisii, tunauliza. Kisha tunalitafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, tunalipeleka sokoni Rongai na makanisani. Kimutai alilisoma hata mnadani, watu wakaacha kununua mbuzi wakamsikiliza.

SHIDA ZETU

Matangazo bado yanakuja kwa Kiingereza cha hospitali. Mwanafunzi akienda huko kuuliza maana huchekwa kwamba hakusoma, kwa hiyo wengi hunyamaza. Penye kimya uvumi huingia. Wako wanaosema sindano ya chanjo inaharibu uzazi, nasi hatuna mtu wa karibu wa kumpelekea swali hilo.

MAOMBI

Tunaomba matangazo yaandikwe kwa Kiswahili, na bwana afya atutembelee wakati wa maradhi, asitoe hotuba tu bali aulizwe maswali.

Ombi la mwisho ni la Bwana Thuo. Mkuu wa Chuo amekubali kumrudisha kazini. Lakini Mgeni Rasmi anafahamu kwamba siku hizi za hali ya hatari mtu wa kabila lake akikosa kazi hukosa na kibali cha kukaa wilaya hii. Yuko kwa ndugu yake huko Bahati, pamoja na mkewe Wangare na watoto, na ameamriwa aondoke mwisho wa mwezi huu. Tulituma wenzetu wakamwombe radhi. Aliwapa chai, akawaambia: "Radhi nimewapa. Lakini radhi haionyeshwi kwa askari barabarani."

Sisi hatuna mlango kwa Bwana DC. Wewe unao. Tunakuomba umwambie kwamba mtu huyu hakuleta ugonjwa, na kwamba tunayataka maji yake.

Mungu akulinde katika safari zako kwa wagonjwa, aifariji nyumba ya Mzee Ouko, na aijalie Rongai afya.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Simotwet.
Imesomwa kwa niaba yao na Kipkemboi arap Rono, kiranja.