Hezekiah Mutahi, Fundi wa Kiganjo, na Dirisha Lililozibwa

Ndugu yetu Hezekiah Mutahi alizaliwa hapa Kiganjo tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Josphat Ngari na Mama Ngendo. Mimi ninayesoma ni Sophie Murugi, dada yake mkubwa na jirani yake. Kilichotutenganisha ni ua wa kayaba tu. Kamati ya mazishi iliniomba ukurasa mmoja, na iliniomba niandike kwamba alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi", kama zinavyosema karatasi zote za mazishi. Sikuandika hivyo. Chini ya hema hili ameketi binti yake Wendy, mwenye miaka ishirini na miwili, na tangu wiki jana watu wananong'ona kwamba ndiye aliyemuua baba yake. Naomba mnivumilie nifike huko kwa utaratibu.

Hezekiah alisoma shule ya msingi hapa hapa Kiganjo na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1986. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipokuwa darasa la sita aling'oa mnyororo wa baiskeli ya baba ili atengeneze kifaa cha kuvuta maji kisimani, na baba akabeba maziwa mgongoni hadi kwenye kituo cha kuyauza kwa wiki nzima. Kifaa chenyewe kilivuta maji kwa siku mbili. Baba alipofariki mwaka wa 1988, Hezekiah aliacha sekondari akiwa kidato cha pili, akaingia chuo cha ufundi cha kijiji kujifunza useremala, akamaliza mwaka wa 1991.

Kuanzia Februari 1992 alifanya kazi Nanyuki, kwenye yadi ya mbao ya Mzee Kullow, ambaye yuko nasi leo na ambaye tunamshukuru kwa kuja. Mzee Kullow alikuwa akisema, "Huyu kijana anapima mara tatu, na bado anaona haya kukata." Hezekiah alikaa naye miaka kumi na saba. Mwaka wa 2009 alirudi nyumbani akajenga karakana yake nyuma ya nyumba, chumba kimoja cha mabati chenye mlango mmoja na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama upande wangu.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Wacera, binti wa Kerugoya, mwanamke mpole kuliko sisi sote wa ukoo huu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Griffins mwaka wa 2001 na Wendy mwaka wa 2003. Griffins alipenda kupika na leo ni mpishi wa hoteli. Wendy alimfuata baba yake karakanani tangu akiwa mdogo wa kukanyaga vumbi la mbao bila viatu, na baadaye akaenda chuo kusomea umeme.

Mwaka wa 2023 hoteli moja ya Nanyuki, iliyokuwa ikimpa kazi ya kuchonga milango kwa miaka kumi na mmoja, ilipeleka kazi hiyo Nairobi kwa watu wenye mashine inayoongozwa na kompyuta. Hezekiah alikwenda kuiona milango hiyo. Wacera anasema alirudi akanywa chai bila kukumbuka sukari, kisha akamwambia Wendy, "Hii kitu tunaweza jitengenezea." Mashine kama hiyo dukani ilikuwa bei ya shamba. Yeye na binti yake wakaanza kuzunguka kwa wauza vyuma kuukuu mjini Nyeri wakinunua mashine za fotokopi zilizokufa. Humo walitoa mota ndogo na zile fito laini za chuma. Fremu waliichomelea kwa vyuma vya vitanda vya bweni, skrubu ndefu za kuisukuma wakanunua duka la vifaa vya ujenzi, meza wakaitengeneza kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na mkono wa kuchonga ukawa ruta, mashine yake ya zamani ya kuchongea kwa kushika mikononi, iliyofungwa kwa boliti. Wendy aliunganisha nyaya zote na kompyuta ya mtumba.

Iliwachukua miezi kumi na minne. Kitu cha kwanza kuchongwa kilikuwa mwiko wa Mama Ngendo, nao ulitoka umepinda kama fimbo ya hoki. Mama aliugeuza huku na huku akasema, "Sasa hii nitasonga nayo ugali ya nani?" Hezekiah alicheka hadi akaketi chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba atuache, na siku hiyo nilimwonea fahari, ingawa sikumwambia.

Kufikia Pasaka ya 2025 mashine ilikuwa inachonga herufi safi, na kazi iliyokuja kwa wingi ilikuwa misalaba ya makaburini. Watu walitoka Nanyuki na hata Kerugoya wakiwa na jina na tarehe mbili kwenye kipande cha karatasi. Wengi wenu hapa mna msalaba wake nyumbani kwenu. Ndiyo sababu tangu wiki jana nimesikia pia kwamba mashine iliyochonga majina ya wafu wote hao ilikuwa inamtafuta mwenyewe. Huo ni upuuzi. Mashine haikumjua mtu.

Sasa nasema langu. Vumbi la MDF, waliyochongea pia misalaba, ni laini kama unga, na dirisha la karakana lilikuwa wazi. Jumamosi ya tarehe 17 Mei nilikuwa nimeanika vitambaa vyangu vyeupe vya kichwa, vya akina mama wa kanisa, na kesho yake nilikuwa zamu ya kuhudumu. Nilipokwenda kuvianua vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilivichukua hivyo hivyo, nikapita ua, nikasimama mlangoni kwake mbele ya wateja wawili nikapaza sauti: "Hezekiah! Hiyo vumbi yako funga nayo huko ndani! Nikiiona tena kwa nguo zangu utanijua mimi ni nani!" Mimi ndiye niliyembeba mgongoni tukiwa wadogo. Hakuwahi kunijibu vibaya maishani mwake. Akasema, "Pole, Sophie," na kabla ya jua kutua alikuwa ameziba dirisha kwa bati, na juu ya bati amepigilia karatasi ya nailoni. Nilipitia upande huo jioni nikaona, nikaridhika.

Juni baridi ikaja. Mnaijua baridi yetu, ukungu ukishuka kutoka mlimani hauondoki hadi saa tano. Meza ya mashine ilivuta unyevu ikavimba, grisi ikaganda kwenye skrubu, na herufi zikaanza kutoka zimeachana. Ni Wendy aliyegundua kwamba mchana, chumba kikipata joto, mashine ilirudi kuchonga sawa. Hezekiah akaziba na nafasi za chini ya mabati kwa magunia, na kuanzia tarehe 9 Juni wakawa wanaingiza jiko la makaa kila asubuhi. Waliliwasha nje, wakangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo wakaliingiza ndani. Hivyo ndivyo Mama Ngendo alivyotufundisha, na hivyo ndivyo kila nyumba iliyo hapa inavyofanya. Tunaamini moshi ukiisha hatari imeisha.

Dalili zilikuja, na sisi wote tulizitazama. Kuku wanne waliolala kwenye kibanda kilichopakana na karakana walikufa kwa wiki moja, tukasema ni ugonjwa wa kuku. Hezekiah aliumwa na kichwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili kanisani akawa mzima, nikamtania kwamba shetani anamwogopa mchungaji. Wendy alitapika mara mbili. Walikwenda zahanati moja wakaambiwa ni taifodi, wakapewa dawa, wakarudi karakanani. Mwanzoni mwa Julai nilimkuta ndugu yangu ameegemea ukuta kwa nje, macho mekundu, akivuta hewa kama mtu aliyetoka mbio. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ni uchovu, kuna misalaba kumi na miwili ya wiki hii. Dakika chache baadaye akarudi ndani akafunga mlango.

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025, Wendy aliwasha jiko saa moja asubuhi na kuliingiza moshi ulipoisha. Saa mbili na nusu baba yake alimtuma mjini Nyeri kununua jino jipya la kuchongea. Aliporudi, saa sita kasoro robo, alisikia mashine kutoka barabarani. Anasema sauti haikuwa ya kukata mbao. Ruta ilikuwa inazunguka hewani, kazi imekwisha zamani na hakuna aliyeizima. Ndani, Hezekiah alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa amekilaza kwenye benchi, mashavu yana rangi nzuri kama ya mtu aliyetoka juani. Mimi nilifika kwa sababu ya kilio cha Wendy. Tulipokuwa tukimburuta nje nilishangaa kwa nini ninasikia usingizi wakati huo. Jirani alituendesha kwa pikapu hadi hospitali, na huko walituambia alikuwa amekwisha kufariki. Daktari aliyempasua alisema ni hewa ya makaa, isiyo na harufu wala rangi, na kwamba dirisha likiwa wazi angekuwa hai.

Tangu hapo maneno yamekuwa moja: nani aliwasha jiko? Jumatano, kwenye mkutano wa kamati, Uncle Mwai, mzee wetu wa ukoo, alisema mbele ya watu, "Si ni huyu msichana aliwasha? Basi asikaribie hiyo kaburi. Asitupe mchanga." Wendy alikuwa anapitisha chai. Aliweka sinia mezani, akaondoka, na hajala chakula cha maana hadi leo. Hakujitetea hata kwa neno moja, na wapo waliosema kunyamaza huko ni kukiri.

Alhamisi nilikuwa nachambua mboga na Wacera, nami pia nikamuuliza kwa nini mtoto hasemi kitu. Wacera aliweka kisu chini. Aliniambia kwamba wiki moja kabla ya kifo aliwapelekea chai karakanani akawasikia. Wendy alisema, "Daddy, kichwa inaniuma tena. Si tufungue hiyo dirisha, hata kidogo tu?" Na baba yake akamjibu, "Wacha. Aunty Sophie ataleta maneno."

Wendy ameyajua hayo siku zote hizi. Amekaa kimya akiitwa muuaji ili mimi, shangazi yake, nisiitwe. Nilipomfuata chumbani kumuuliza alisema tu, "Aunty, wewe bado unaishi hapa na hawa watu." Nimelia kuliko nilivyolia siku ya kifo chenyewe, nami naona aibu kusimama mbele yenu. Lakini Mungu anajua ni nani aliyefungisha dirisha lile, na sasa nanyi mnajua. Jioni hii mtarudi makwenu, na katika nyumba nyingi kuna jiko litakaloingizwa chumbani moshi ukiisha, penye watoto, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Nawasihi mliache nje.

Marehemu ameacha mama yetu Ngendo, mkewe Wacera, watoto wake Griffins na Wendy, na sisi dada zake, mimi Sophie, na Gathoni wa Kerugoya. Uncle Mwai, nakuheshimu kama baba, lakini utaratibu nautoa mimi. Mama atatangulia kuweka udongo, kisha Wacera, kisha watoto wake wote wawili, na anayetaka kumzuia mmoja wao aanze kwa kunizuia mimi. Bwana ampokee ndugu yangu na ampe pumziko ambalo hatukumpa. Wendy, mwanangu, inuka. Nishike mkono twende.