Dirisha la Wadoezi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu wa chumba cha vipimo, ambaye kituo chetu kizima cha utafiti kinamwita Mama Ukingo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina hilo alilipata kihalali. Sisi wengine macho yetu yote yako katikati ya mtambo, penye plazma, ile gesi ya moto kupindukia tunayotumaini siku moja itatupa umeme. Yeye aling'ang'ania pembeni. Hata kwenye picha za harusi ya bintiye amesimama pembeni kabisa.

Huko pembeni kuna chembe zisizo na chaji ya umeme. Sumaku zinazoishikilia plazma haziziwezi, kwa hiyo zinatoka ukutani, zinajiingilia bila kubisha hodi, zinachota joto na kwenda zao. Mama Ukingo alizibatiza wadoezi, na hakuna tena anayeziita vingine. Kazi yake ilikuwa kuelekeza kamera kwenye kidirisha cha kioo, kupima mwanga mwekundu hafifu unaotoka wadoezi wanapoingia kwenye joto, na kutuambia ni wengi kiasi gani.

Neno hilo limewahi kutuponza. Kuna siku alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wadoezi wamezidi na wadhibitiwe mara moja. Mlinzi mmoja, mgeni kazini na mwenye bidii ya kupitiliza, alitoka mbio hadi kantini akaanza kukagua vitambulisho. Mkurugenzi alikuwa amesahau chake ofisini. Alitolewa nje sahani mkononi.

Miaka miwili iliyopita hakuna aliyecheka. Michoro ya mtambo mpya ilitoka, na pale palipopaswa kuwa na dirisha lake pamezibwa chuma. Wabunifu walisema hesabu za kompyuta zinatosha. Mama Ukingo aliumia, wala hakuficha. Aliwajibu kwamba hesabu zinawajua wageni walioalikwa tu, kisha akawakaribisha wakae naye wiki nzima kwenye mtambo wa zamani, wao wakitabiri, yeye akipima. Siku nyingi walilingana. Lakini kila ukuta ulipopata moto, wadoezi walifurika na kompyuta haikuwa na habari. Wabunifu wenyewe wakalirudisha dirisha. Na kwa kuwa hesabu zao zilionyesha wadoezi hupenda kupenyea wapi, likasogezwa mahali pazuri kuliko alipoomba yeye. Mama Ukingo alilia mbele ya kikao kizima, na sisi tukamfuata.

Asante, Mama Ukingo, kwa subira yako, utani wako na jicho lako. Tunakuombea afya njema na mapumziko matamu, ila usiyazoee sana. Mtambo mpya utawashwa mwakani, na siku hiyo hutakuwa na kitambulisho. Usijali. Mlinzi yule wa kantini sasa ndiye mkuu wa walinzi, na ameshatuahidi kwamba mdoezi mmoja atapita.